Karani wa Wino

Kazi yangu leo ni vidole.
Wenzangu wana sajili, wana mihuri;
mimi nimepewa kichupa na kijiti,
dawati la darasa la nne, na agizo moja:
kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, mpaka mzizi wa ukucha.

Kiti kiko wazi tangu Februari,
Mheshimiwa Mulandi alipoandika barua ya mistari mitatu
kwamba figo zimechoka, na yeye nazo.
Vipindi vitatu, na robo ya cha nne.
Ndiyo maana kuta za Jericho zimeota sura mpya:
Gathirimu wa simiti na mabati, alama yake toroli;
Sabina Kerubo, mwalimu wa zamani, alama yake miwani;
na kijana Otuoma, ambaye bango lake
limebandikwa juu ya tangazo la mganga,
hata nambari ya mganga inasomeka chini ya kidevu chake.

Uchaguzi mdogo, wanasema, na kweli ni mdogo.
Kufikia saa nne nimepaka watu arubaini na mmoja.
Nawajua kwa mikono.
Huyu kucha za kijani, amekata sukuma tangu alfajiri.
Huyu wa gereji, grisi imemtangulia wino,
nikapaka nyeusi juu ya nyeusi, tukacheka.
Huyu hana kidole cha mwisho.
Nikamwuliza msimamizi. Akafungua kitabu cha kanuni,
akalamba kidole, akafunua, akafunua tena:
"Paka kinachofuata."
"Kinachofuata," mzee akasema, akinyoosha mkono,
"ndiyo siasa yetu."

Kisha akaja mwenyewe.
Bila dereva. Sweta la kahawia,
kitambulisho ndani ya bahasha ya hospitali.
Hakuna aliyempisha, wala hakuomba.
Nyuma yake Mama Achitsa, ambaye mtungi wake
ulikuwa unamshikia nafasi kwenye foleni nyingine, ya maji,
akamgusa bega:
"Mulandi, ule mfereji?"
Si Mheshimiwa. Mulandi.
Akageuka. Akayatazama mabango ng'ambo ya ua,
mdomo ukafunguka kama wa mtu anayetafuta jina,
ukafungika.

Mkono wake ulikuwa baridi.
Niliwahi kuushika nikiwa mwanafunzi hapa hapa,
siku ya kuzindua mfereji, tulipopangwa juani kwa urefu.
Ulikohoa mara mbili, ukatema maji ya rangi ya chai,
watu wakapiga makofi, na hayo ndiyo yalikuwa maji yake yote.
Mkono huo huo uliandika "Asaidiwe"
juu ya fomu ya dada yangu:
shilingi elfu nne, akamaliza kidato cha pili.
Sasa nichukie kidole kipi?
Nikapaka, polepole. Akasema asante.
Akaingia nyuma ya kadibodi, akakaa huko
zaidi ya mtu mwenye majina matatu tu ya kuchagua.

Usiku tulihesabu. Stima ilipotea mara mbili.
Walioandikishwa mia sita themanini,
waliokuja mia mbili na tisa.
Miwani mia moja na tatu. Toroli themanini na nane.
Otuoma kumi na saba; wakala wake aliomba tuhesabu upya,
tukahesabu, zikabaki kumi na saba.
Moja imekataliwa.
Msimamizi akaiinua mawakala waione.
Visanduku vyote vitupu, ila pembeni,
kwa mwandiko ulioinama kama anayetembea dhidi ya upepo,
neno moja: Mfereji.
"Mjinga gani huyu," akasema wakala wa toroli, "anatupa kura."
Wengine wakamtaja Mama Achitsa.
Mama Achitsa hajui kuandika, alipigiwa na binti yake.
Nikavitazama vidole vyangu, vyote kumi vyeusi,
nikanyamaza. Mimi ni karani wa wino.
Sikuapishwa kutambua miandiko.

Nikirudi nyumbani, saa nane na nusu usiku,
foleni ya mitungi ilikuwa bado pale kando ya ukuta,
wa kwake wa njano, wa saba kutoka mbele.